Bwana Shamba na Nyuki wa Baba

Shati la Bwana Shamba lilikuwa na rangi mbili. Mgongoni lilikuwa kaki, kifuani lilikuwa la wadudu. Jioni alirudi kwa pikipiki kutoka mashamba ya bondeni, ameinama mbele kama mtu anayetafuta kitu barabarani, na nondo, mbu, panzi wadogo na vidudu vingine nisivyovijua majina vilikuwa vimempondekea kuanzia kwenye kola hadi kwenye mkanda. Mkewe alilipokea shati hilo kwa vidole viwili. "Hapa nafua nguo au nazika wadudu?" aliuliza. Sisi watoto wa nyumba ya pili tulicheka, ingawa maneno yalikuwa yaleyale kila wiki.

Alikotoka hakukutuhusu. Kwetu Kinampanda maisha yake yalianza siku aliyoshuka kwenye gari akiwa na sanduku, mke na bomba la kupulizia dawa, akapewa nyumba iliyopakana na yetu. Jina lake lipo kwenye cheti cha ubatizo cha mdogo wangu, maana alikuwa baba yake wa ubatizo, lakini sijawahi kulisikia likitamkwa. Hata mkewe alimwita Bwana Shamba, na alipokuwa amemkasirikia alimwita hivyohivyo ila kwa kuivuta herufi ya mwisho.

Ukitaka kumjua ilibidi umwone amechuchumaa. Wataalamu wengine waliokuja kijijini walitazama shamba kutoka barabarani, wakanyoosha kidole, wakaondoka. Yeye aliingia katikati ya mtama au alizeti, akachuchumaa, akatulia huko muda mrefu mpaka watu wakatunga utani kwamba ukimwona Bwana Shamba kwenye shamba lako usimpigie hodi, mpe nafasi amalize haja yake. Alikuwa anageuza majani na kutazama upande wa chini. "Jani lina uso na kisogo," alikuwa akisema, "na mdudu anakaa kisogoni." Usemi wake mwingine ulikuwa kwamba mdudu hana kalenda, ana njaa. Aliusema kila mkulima alipomuuliza viwavi wataisha lini.

Mtu huyo aliyewachokonoa wadudu wa kila namna kwa kucha alikuwa anaogopa kinyonga. Hapo hakuwa na elimu yoyote. Akimwona kinyonga njiani alizima pikipiki, akaikokota, akazunguka kwa mbali kupitia shamba la mtu. Siku moja mdogo wangu alimwekea kinyonga juu ya kiti cha pikipiki, na Bwana Shamba alikwenda kazini kwa miguu. Hakusema kitu kwa baba. Siku tatu baadaye alimpa yule mdogo wangu pipi, akamwambia kwa upole kwamba utani mwingine una mwisho wake.

Kazini aliua, nyumbani alifuga. Buibui akionekana ukutani, alimfunika kwa glasi, akapitisha karatasi chini yake, akamtoa nje. Mavu walijenga kwenye dari ya baraza yake mwaka mzima na alikataa wasichomwe moto, eti wanamsaidia kukamata viwavi wa kwenye mchicha. "Huko analipwa kuua, huku anawapa nyumba bure," mkewe alimwambia mama. Kumbikumbi peke yao ndio aliowaua kwa furaha. Asubuhi baada ya mvua ya kwanza alikuwa nje mapema kuliko sisi, na beseni mkononi, akiwakung'uta mbawa. Aliwakaanga mwenyewe kwa chumvi na kutuita tule, na wakati anatafuna alituelezea kichuguu kina vyumba vingapi na malkia anakaa wapi. Mama alikuwa akisema yule mtu angekuwa mchungaji tungekuwa tumeokoka wote, maana alijua kuhubiri huku watu wanakula.

Nayasema haya yote ili ieleweke kwamba nilimpenda. Tulimpenda wote, na ndiyo maana jambo la nyuki linaniuma mpaka leo.

Baba alikuwa na mizinga ya magogo kwenye migunga iliyopakana na mashamba. Mdogo wake, ambaye sisi tunamwita Baba Mdogo, aliishi upande wa pili wa ua wa minyaa. Mwaka ule nikiwa darasa la sita, mbuzi wa Baba Mdogo waliingia kwenye mtama wetu. Baba akamkamata mbuzi mmoja akamfunga, akasema hamwachii mpaka alipwe. Ndugu wawili wakasimama kila mmoja upande wake wa ua na kutukanana kijiji kizima kikisikia. Baba Mdogo wakati huo alikuwa na mdomo mkubwa. Mwisho wa maneno yake alisema, "Na hivyo vinyuki vyako unavyoringia, vife vyote."

Siku ya tano baada ya hapo nyuki wakafa. Nakumbuka nilivyowakuta tulipokwenda na baba. Chini ya kila mti walikuwa wametapakaa, wengine bado wanatambaa na kuzunguka palepale, mbawa zinatetemeka. Baba aliwachota kwa viganja vyake viwili, akasimama nao hivyo bila kujua awaweke wapi.

Kwetu watu wanaamini kwamba nyuki hawakai kwenye mji wenye ugomvi. Mtu aliyenuna hapandi kwenye mzinga. Kwanza anakwenda kumaliza maneno na aliyegombana naye, wananyweshana hata maji tu, ndipo anashika kamba yake na kupanda. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza nyuki wamekufa kwa nini. Sababu ilikuwa imeshasemwa kwa sauti kubwa juu ya ua wa minyaa. Wazee waliitwa, Baba Mdogo akaulizwa kama alisema maneno yale, akakubali kwamba aliyasema. Baada ya kikao hicho baba hakuzungumza naye tena.

Jioni ya siku ile nyuki walipokufa, Bwana Shamba alikuja kuwaona. Alichuchumaa, akaokota mmoja, akamnusa, akamtia kwenye mfuko wa shati. Akamwambia baba, "Pole sana, mzee," kisha akaondoka. Nilishangaa tu kwamba safari ile hakuchuchumaa muda mrefu.

Kanisani baba alikaa benchi la kushoto na Baba Mdogo la kulia. Siku za meza ya Bwana, mmoja akiinuka kwenda mbele mwingine alibaki amekaa. Baba Mdogo alibadilika akawa mtu wa maneno machache mno. Ukimsalimu shikamoo, alijibu marahaba na kuishia hapo. Tulidhani ni jeuri, na sisi watoto tulifundishwa kuichukia jeuri hiyo. Baba alipofariki alikuja mazikoni, akasimama nyuma kabisa ya watu, akaondoka bila kutupa udongo. Jeneza lilibebwa na watu sita, na mmoja wao alikuwa Bwana Shamba.

Alipostaafu hakurudi kwao. Alijenga palepale Kinampanda, akalima alizeti yake, na pikipiki ile ile aliendelea kuipanda mpaka watoto wake walipomnyang'anya ufunguo. Katika miaka hiyo ya mwisho ya pikipiki ndipo mkewe alipoanza kulalamika upya. "Zamani nikiliona shati najua umetoka shambani," alimwambia mbele yetu. "Siku hizi linarudi safi. Sijui unatoka kwa nani." Tulicheka tena, lakini yeye Bwana Shamba hakucheka. Alilishika shati lile kifuani, akalitazama, akasema barabara ni ileile, saa ni ileile, na mwendo ndio umeongezeka maana pikipiki haikuwa na breki.

Baada ya hapo hakuacha kuzungumzia jambo hilo. Alituuliza vimulimuli wa kule mbugani mara ya mwisho tuliwaona lini, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake amewaona juzi. Aliuliza wale mende wanaoviringisha mavi ya ng'ombe wako wapi, kwa nini mavi siku hizi yanakauka palepale yalipoangukia. Vipepeo weupe waliokuwa wanakusanyika kwenye matope ya kisimani, mpaka ukipita wanainuka wote kwa pamoja, wamebaki wawili watatu. Kanga walikuwa wanatembea mpaka karibu na zizi. Tai walikuwa wakifika kabla ng'ombe hajamaliza kufa, na sasa mzoga unaoza mpaka mwenyewe anaufukia. Sisi tulikuwa tumeishi humo humo na hatukuona lolote likiondoka, maana kitu kisichokuuma ukikikosa hukitafuti.

"Tazama waliobaki," aliniambia. "Viwavi wapo, na wamekuja wengine wageni wanaokula mahindi mpaka ndani ya moyo. Kwelea kwelea wapo. Mbu wapo. Wale tuliowapiga vita wote wapo. Waliokwenda ni wale ambao hatukuwa na ugomvi nao."

Alianza kupita mashambani kwa miguu, bila mshahara wala posho, akiwaambia watu wasipige dawa alizeti ikiwa imechanua, na kama hapana budi basi wangoje jioni nyuki wamerudi kwao. Wakulima walimheshimu, walimpa kiti na maji, kisha wakamjibu. "Bwana Shamba, wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kupiga asubuhi," mmoja alimwambia nikiwepo. Kijana mwingine alikuwa mkweli zaidi. "Mzee, mambo ya kungoja nyuki alale ni ya zamani. Sisi tukiona mdudu tunapiga." Bwana Shamba alishukuru kwa maji akaenda shamba linalofuata.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahamia Singida mjini, nina mashine ya kukamua alizeti. Msimu mmoja alikuja na magunia yake mawili juu ya basi. Alikataa kukaa kwenye kiti, akakaa juu ya gunia, akachota mbegu akawa anazivunja kwa meno moja moja na kunionyesha. Mbegu ilikuwa na umbo zuri kwa nje, lakini ukiivunja ndani hakuna kitu, mapepe matupu. Nilikuwa naiona hali hiyo kwa wateja wengi, na nilikuwa nalaumu mbegu za dukani.

"Si mbegu," alisema. "Maua yalikuwa mazuri. Hakuna aliyeyatembelea."

Umeme ukakatika, mashine ikazimika, na humo ndani kukawa kimya. Nafikiri asingesema kama mashine ingeendelea kuunguruma.

"Nyuki wa baba yako niliwaua mimi," akasema.

Alinieleza kila kitu bila kujitetea, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Mwaka ule dawa ya viwavi ilichelewa kuletwa. Ilipofika alizeti ilikuwa imeshachanua na viwavi wako kwenye vichwa. Kwenye karatasi ya dawa kulikuwa na onyo kwamba usipulize wakati wa maua, na aliyekuwa anaweza kuisoma karatasi ile pale kijijini ni yeye peke yake. Aliisoma. Akafikiri kwamba wakingoja maua yaishe, viwavi watakuwa wamemaliza mavuno, na watu walikuwa wametoka kwenye mwaka wa njaa. Akawakusanya kwenye shamba la mfano, saa tatu asubuhi, akawaonyesha jinsi ya kupuliza, na kufikia saa sita mashamba yote ya upande wa migunga yalikuwa yamepulizwa. Alipomnusa yule nyuki jioni alisikia harufu ya dawa. Alikusudia kusema siku ya kikao cha wazee. Akaogopa kazi yake. Mwaka uliofuata aliogopa kwamba watu hawatamsikiliza tena hata kwenye ushauri wa kweli. Baadaye hakujua aanzie wapi. Alikusudia kusema mazikoni kwa baba, akapewa kubeba jeneza.

Nilimuuliza swali moja tu, kama alijua kwamba ndugu wawili walikuwa hawasemezani kwa ajili ya nyuki hao. Akasema alijua. Alikuwa anawaona kila Jumapili.

Umeme uliporudi nilimkamulia mafuta yake, nikampa na mashudu yake, nikamwambia, "Aliyesingiziwa si mimi. Kamwambie Baba Mdogo." Akasema atakwenda. Sikumsindikiza mpaka stendi kama nilivyozoea.

Mavuno mawili yakapita na hakwenda. Nikipiga simu, mara mvua imeharibu njia, mara mguu unamsumbua, na nyumba kwa nyumba haifiki hata hatua mia tatu. Baba Mdogo naye alikuwa anazeeka haraka kuliko yeye. Alilazwa mara mbili, na mara ya pili niliambiwa nijiandae. Ningeweza kwenda mwenyewe nikamwambia. Nilijidanganya kwamba neno si langu. Ukweli ni kwamba nilitaka Bwana Shamba alibebe mpaka limchoshe, na katika kumkomoa yeye nikawa namwacha mzee wa watu afe na lawama isiyo yake. Sijivunii hilo.

Pasaka iliyopita nilikwenda nyumbani. Baba Mdogo alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali, amekonda, shingo imebaki mishipa. Nilitoka ibadani nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Shamba. Alikuwa barazani, chini ya mavu wake, anachambua kunde.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja lini?"

"Vaa viatu," nikamwambia.

Alinitazama, akaweka ungo chini, akavaa viatu.

Baba Mdogo alikuwa amekaa uani kwenye kivuli cha ghala, anasokota kamba ya katani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Wazee wakapeana mkono na kuulizana hali. Bwana Shamba akaanza na mvua. Akaenda kwenye kunde, akaingia kwenye bei ya mbegu, akarudi kwenye mvua. Nikakohoa.

"Mzee mwenzangu," akasema, "nyuki wa kaka yako hawakufa kwa maneno yako. Walikufa kwa dawa. Niliwapulizia mimi asubuhi, alizeti imechanua. Nilijua siku ileile, na sikusema."

Baba Mdogo aliendelea kusokota. Kamba iliongezeka urefu wa kidole hivi kabla mikono yake haijasimama.

"Kwa dawa," akasema.

"Kwa dawa."

"Si mdomo wangu."

"Mdomo hauui nyuki, mzee."

Nilitegemea aseme kwamba alijua siku zote kuwa amesingiziwa. Mimi mwenyewe nilivyomwona miaka yote, ule ukimya wake niliusoma kama ukimya wa mtu aliyeonewa na anajua. Lakini alikuwa anatutazama kwa zamu, mimi na Bwana Shamba, kama anayehofia kwamba tutacheka.

"Mimi nilijua ni mimi," akasema. "Nilisema vife, vikafa. Nikasema basi, mdomo huu una kitu. Nikaufunga. Mwanangu alipouza ng'ombe zangu akanywea pombe sikumkaripia. Mama yao ananiudhi kama watu wanavyoudhiana, mimi natoka nje. Watoto wamekua wanadhani siwapendi, maana baba asiyegomba hata siku moja ni baba gani. Nilikuwa naogopa nikikasirika nitasema neno, kesho tutazika mtu."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia na sikujificha. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka thelathini, na huyo mwenye elimu ya wadudu alikuwa anaishi hatua mia tatu kutoka kwake.

"Samahani," Bwana Shamba akasema, na akainuka, kofia mkononi. "Acha nikupe nafasi upumzike."

"Wewe mtu wewe," Baba Mdogo akasema.

Sauti ilitoka nzito na yenye kutu. Akakohoa, akaisafisha, akaanza tena, na safari hii ilifika barabarani.

"Wewe mtu wewe! Umekula wali wa harusi ya binti yangu kiti cha mbele. Umekuja hospitali umenishika mkono, unaniuliza naendeleaje. Kaka yangu ameingia kaburini ananichukia, na jeneza umebeba wewe, mimi nimesimama nyuma na mbwa!"

Mkewe, Mama Mdogo, alitoka jikoni na mwiko mkononi, unga unadondoka. Nilimfuata nikamwambia aje amtulize, ametoka hospitali juzi, moyo utamshinda. Hakusogea. Alikuwa anamtazama mumewe kama mtu aliyepata mgeni asiyemtarajia.

"Mwache," akaniambia. "Mwache aseme."

Majirani walikuwa wameanza kusimama kwenye ua. Bwana Shamba alipiga hatua moja kuelekea njiani.

"Kaa chini," Baba Mdogo akamwambia. "Sijamaliza."

Bwana Shamba akakaa.